Shaba ya Kuweka Kwenye Mtambo wa Mafuta ya Mchaichai: Ipi Salama, Ipi Uikatae

 

Siku hizi swali linalonifikia mara nyingi halihusu mbolea wala viwavijeshi. Watu wananiuliza: "Afisa, ile shaba ya kuweka kwenye shingo ya mtambo naipata wapi?" Mimi ni afisa ugani wa kata, huku Muheza. Stashahada yangu ni ya kilimo, siyo ya vyuma. Lakini wakulima wangu wakianza kukeneka mafuta ya mchaichai, siwezi kuwaambia kazi yangu inaishia shambani. Mafuta hayo yanapakwa ngozini, na mengine wanapakwa watoto. Maji yake yenye harufu watu wanatilia kwenye chai. Kila tone limepita kwenye chuma fulani kabla ya kufika kwenye chupa, kwa hiyo ni vizuri tukijue chuma hicho.

Shaba inafanya kazi gani mle ndani?

Mtambo wetu mdogo unaujua: pipa lenye maji chini, wavu juu ya maji, majani juu ya wavu, mfuniko wenye shingo, kisha bomba linalopita kwenye maji baridi hadi kwenye chupa ya kupokelea. Mvuke unapanda, unabeba mafuta ya jani, unapoa na kuwa maji na mafuta. Ya mchaichai yanaelea juu ya maji. Ya karafuu yanazama chini.

Majani yanapochemka hutoa pia gesi zenye salfa. Ndizo zinazofanya mafuta mapya yanuke kama kabichi iliyochemka au yai lililooza. Shaba inakamata salfa hiyo, na ndiyo maana ukiifungua baada ya kazi unaikuta imegeuka nyeusi. Weusi huo ni ile harufu mbaya iliyobaki kwenye shaba badala ya kwenda kwenye chupa. Wazee wa Jabal Akhdar kule Oman wanakeneka maji ya waridi kwa vyombo vya shaba tangu zamani, kwa hiyo jambo hili si geni.

Sasa mtambo wako ukiwa wa chuma kisichoshika kutu, wengi wanakiita stenlesi, huhitaji kununua mtambo mzima wa shaba. Kiasi kidogo cha shaba kwenye shingo, mahali mvuke unapopita, kinatosha. Tatizo linaanza pale unapokwenda kununua hicho kiasi kidogo.

Shaba inayong'aa siyo lazima iwe shaba

Kikundi kimoja cha akina mama katika kata yangu walinunua mjini yale mabuyu ya waya ya kusugulia sufuria, yenye rangi ya shaba. Muuzaji aliwaambia ni shaba tupu. Waliyaweka kwenye shingo, wakapika mara tatu. Mara ya nne maji yakatoka na rangi ya chai, na mafuta yakawa na ladha ya msumari. Mnunuzi wao alinusa, akarudisha chupa zote. Ilikuwa kazi ya wiki mbili, pamoja na kuni na majani yaliyokatwa.

Waliniita. Tulikata uzi mmoja wa ule waya kwa mkasi, tukautazama juani. Ndani ulikuwa wa kijivu. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa shaba nyembamba juu. Mvuke ulishaila ile shaba, kutu ikaanza. Mama mmoja akasema jambo ambalo sijalisahau: "Kumbe tulinunua rangi." Ndivyo ilivyo. Tangu siku ile kila anayeniuliza kuhusu shaba namwambia aje na sumaku kabla ya kuja na pesa.

Vipimo vinne unavyoweza kufanya mwenyewe

1. Sumaku. Shaba halisi haivutwi na sumaku hata kidogo. Ikivutwa, hata kidogo tu, ndani kuna chuma. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Nenda nayo dukani, usione haya.

2. Kukata. Kuna waya ambao ndani ni alumini na nje ni shaba. Sumaku haiugundui kwa sababu alumini nayo haivutwi. Kata kwa mkasi au koleo, tazama pale ulipokatwa. Shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati. Ukiona weupe, uache.

3. Uzito. Shaba ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina karibu gramu 9. Alumini haifiki gramu 3. Ukishika mafungu mawili ya ukubwa mmoja, mkono wenyewe utakwambia.

4. Siki na chumvi. Loweka kipande kidogo usiku mmoja kwenye siki yenye chumvi, asubuhi kitoe, kiache kikauke siku nzima. Shaba halisi itang'aa, pengine na ukijani kidogo. Chuma kilichopakwa kitatoa kutu ya kahawia.

Fanya vyote vinne. Kimoja peke yake kinaweza kukudanganya, kama nilivyoeleza kwenye sumaku na alumini.

Shaba halisi ambayo pia uikatae

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu vipimo vyote vinne vinaweza kukubali na bado ukaingiza sumu.

Waya wa mota na transfoma. Unaonekana mtupu lakini umepakwa vanishi isiyoonekana kwa haraka. Vanishi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya chakula wala ngozi.

Waya uliochomwa moto kuondoa plastiki. Wauza skrepa wanauchoma ili wapate shaba haraka. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwa anayechoma, na masizi yake yanabaki kwenye waya.

Rejeta ya gari. Hii nasema kwa sauti kubwa: usiitumie kamwe, wala kwa kupoozea mvuke. Rejeta nyingi za zamani zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi. Risasi haina harufu wala ladha, na inadhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, lakini risasi ni miligramu 0.01 tu. Ni tofauti ya mara 200. Shaba kidogo mwili unaihitaji. Risasi hauihitaji kabisa.

Bomba la friji au kiyoyozi lililotumika. Lina mafuta ya kompresa ndani, na viungo vyake hujui vililehemiwa kwa kitu gani.

Shaba ya njano, yaani brasi. Hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na mara nyingi huwekwa risasi kidogo ili ikatike vizuri kiwandani. Koki na viunganishi vingi ni vya aina hii. Rangi yake ya manjano ndiyo dalili.

Na ukiwa bado unatazama mtambo wako, tazama pia mabati yaliyopakwa zinki na mipira ya plastiki ya kawaida. Mvuke na mafuta ya mchaichai vinakula vyote viwili.

Basi nitumie ipi?

Rahisi kuliko zote ni kununua waya mpya wa umeme wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mnene, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Menya plastiki kwa kisu, usichome. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza. Kisha uzungushe kwenye msumari mnene ili uwe kama springi, halafu kata vipande vya urefu wa kucha ya kidole gumba. Vipande hivyo vikimwagwa kwenye shingo vinaacha nafasi nyingi za mvuke kupita, na havishikamani kama yale mabuyu ya kusugulia.

Chini yake weka wavu wa stenlesi wa kuvizuia visidondokee kwenye majani. Kina cha upana wa kiganja kinatosha. Usishindilie! Kabla ya kuwasha moto, puliza kwa mdomo upande mmoja wa shingo. Pumzi ipite bila wewe kukaza mashavu. Shingo ikiziba, mvuke utatafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni mfuniko unaorukia usoni. Ukijaza shaba nyingi kupita kiasi pia unapata hasara nyingine: mvuke unapoa mle mle shingoni, mafuta yanarudi chini kwenye pipa, na wewe unaendelea kuchoma kuni.

Baada ya kila upishi toa shaba, iloweke kwenye maji ya limau au siki kwa dakika chache mpaka weusi utoke, suuza mara tatu, kausha kabisa juani. Usiiache na unyevu. Ule ukijani unaoota juu ya shaba yenye unyevu ni sumu, na upishi unaofuata utauosha na kuuingiza kwenye chupa yako. Vilevile mwaga maji ya kwanza kidogo yanayotoka kila unapoanza kupika.

Kuna mimea usiyohitaji kuitilia shaba. Mafuta ya karafuu na ya majani ya mdalasini hubadilika rangi yakigusana na vyuma. Kwa hayo tumia stenlesi tupu na chupa ya kioo. Na kama huna uhakika na shaba uliyopata, pika bila shaba. Mafuta mapya ukiyaacha siku kadhaa kwenye chupa iliyofunikwa kwa kitambaa safi, harufu kali inapungua yenyewe. Bora mafuta yenye harufu kidogo kuliko mafuta yenye risasi.

Neno kuhusu gongo

Nikikaa kimya hapa nitakuwa sijawatendea haki. Kijana mmoja alinisikiliza nikifundisha haya yote, akasubiri watu waondoke, akaniuliza: "Afisa, kwa hiyo nikiweka shaba kwenye gongo, ile sumu inayopofusha inakwisha?"

Nilimjibu, na nakujibu na wewe: hapana. Shaba inakamata salfa tu. Methanoli, ambayo ndiyo inayopofusha na kuua, inapita kwenye shaba kama maji yanavyopita kwenye chujio. Haionekani, na mnywaji haijui kwa ladha. Mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Mwaka 2010 iliua makumi ya watu huko Kabale, Uganda. Hakuna waya wa dukani ambao ungewaokoa.

Hapa kwetu kukeneka gongo, ile ambayo sheria inaiita moshi, bila leseni kumekatazwa tangu sheria ya 1966. Kijana yule alijua hilo. Alichonieleza ni kwamba ana ada za wadogo zake. Sikumhubiria. Nilimwonyesha kwamba pipa lake, moto wake na ujuzi wake wa kupooza mvuke ndivyo vinavyohitajika kwa mchaichai, isipokuwa bomba, ambalo lilikuwa la rejeta na tulilitoa siku ileile. Mafuta hayaleti pesa kila jioni kama gongo, hilo sikumficha. Bado anahesabu, na mimi bado nampitia.

Kabla hujauza

Mafuta ya kupaka yana viwango vyake, na Shirika la Viwango (TBS) ndilo linalosimamia vipodozi pamoja na chakula. SIDO wanatoa ushauri wa mitambo midogo. Ukitaka kujua kama kuna risasi kwenye bidhaa yako, macho hayatakusaidia. Peleka sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama ni kikundi, changeni gharama. Kipimo kimoja cha mtambo wenu kitawapa nguvu ya kusema na mnunuzi yeyote.

Na wewe mfanyabiashara unayenunua mafuta kijijini, usiulize bei tu. Omba kuona shingo ya mtambo ikiwa imefunguliwa. Mkulima anayejua shaba yake ilitoka wapi atakuonyesha bila kusita, na huyo ndiye wa kurudi kwake msimu ujao.

Ukipata waya na una shaka nao, uje nao ofisi ya kata siku ya gulio. Sumaku iko mezani.