Kabla ya Kudai Waranti, Kubali Kukaguliwa



Leo sikuletei ushuhuda wa ushindi. Nakuletea ushuhuda wa aibu yangu mwenyewe. Naomba uusome hadi mwisho kabla hujaandika amina.

Wengi wenu mnaijua pikipiki yangu nyekundu. Niliinunua mpya ili niwafikie wagonjwa Mikindani, Chaani na Miritini bila kungoja matatu. Siku ambazo sina ziara, kijana mmoja wa kanisani huipeleka stejini akabeba abiria, na jioni huniletea shilingi 300. Kinachobaki ndicho chakula chake na mama yake.

Mvua za mwezi wa tano zilipoanza, injini ikaanza kumisi. Kwenye tambarare inaenda vizuri, lakini ukitoka Kibarani ukipanda kuja Changamwe inakohoa, inakata, inarudi, kama mtu mwenye kwikwi.

Sikumwita fundi. Niliamua mwenyewe kwamba kosa ni la kijana: ananunua petroli ya chupa kando ya barabara.

"Pasta, mafuta naweka kwa pampu. Sijawahi kuweka ya chupa."

Sikumsikiliza. Nilimkata shilingi 2,000. Alinyamaza. Jumapili mbili sikumwona ibadani, nami nikapanda madhabahuni nikahubiri upendo.

Kisha nikachukua kijitabu cha waranti, nikaenda dukani nilikonunua. Mhudumu alinipokea kwa heshima, akafungua kurasa. Servisi ya kwanza, ile ya kilomita 500, haina muhuri. Ya pili haina. Nilikuwa nimesema "wiki ijayo" mpaka miezi ikapita. Akanieleza kwamba waranti yao inafunika kasoro ya kiwandani, yaani kitu kilichotoka kikiwa kibovu. Haifuniki vinavyolika kwa matumizi, kama plagi, breki na cheni. Haifuniki uharibifu wa mafuta mabaya wala wa kukosa servisi.

Nilipotoka nje, jamaa mmoja akanifuata. "Mchungaji, mihuri ipo. Elfu moja tu, tarehe tunairudisha nyuma."

Mpendwa, sitakudanganya. Mkono wangu ulifika mfukoni. Nilikuwa na shilingi 700. Kilichoniokoa siku ile si utakatifu, ni ufukara, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa upungufu wa zile 300.

Niliisukuma pikipiki hadi kwa fundi mmoja mzee pale Magongo. Hakuniuliza kosa ni la nani. Alianza kwa kufungua plagi na kuitazama ncha yake. Ikiwa nyeusi kwa masizi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, inapata hewa nyingi na inachemka. Yangu ilikuwa ya hudhurungi, rangi ya afya. Akanusa tangi, akamwaga mafuta kidogo ya kabureta kwenye chupa safi, akayatazama kwenye mwanga. Hayana maji wala uchafu.

"Petroli ni nzuri, Mchungaji."

Moyo wangu ukashtuka.

Akaingiza pikipiki kibandani penye giza, akaiwasha, akanyunyiza maji kidogo karibu na plagi. Tukaona cheche za buluu zikiruka kutoka kwenye kofia ya plagi kwenda kwenye chuma cha injini. Kofia ilikuwa na ufa, na ndani yake kutu ya kijani. Moto uliotakiwa kufika ndani ulikuwa unavujia nje, hasa injini ikibeba mzigo mlimani.

"Nani huosha hii pikipiki?"

Ni mimi. Kila Jumamosi, kwa mashine ya presha, naielekeza kwenye injini ing'ae kwa ajili ya Jumapili. Maji yalipenya, hewa yetu ya chumvi ikamaliza kazi.

Kofia mpya ilinigharimu shilingi 300.

Katika 2 Samweli 12, Daudi alikasirika sana aliposikia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake. Alishatoa hukumu kabla Nathani hajamwonyesha kwamba kesi ni yake. Mimi Nathani wangu alikuwa na mikono ya grisi.

Jioni ile nilienda kwa kijana, nikamrudishia 2,000 zake, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama alilia. Kijana akasema tu, "Yameisha, Pasta." Lakini nilijua hayaishi kwa siku moja.

Usinielewe vibaya. Ukiuziwa kitu kibovu, dai haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa kasoro yake. Soma masharti ya waranti kabla hujalipa. Peleka servisi kwa wakati, na tunza kijitabu chako na risiti. Na usinunue muhuri wa uongo hata kama mfuko umejaa.

Lakini ujue tofauti hii. Waranti inauliza kama ulitimiza masharti. Msalaba unauliza kama umekubali kosa. Soma 1 Yohana 1:9. Nilifika kwa Bwana bila muhuri hata mmoja, na hakunifukuza.

Leo ni nani unayemkata mshahara, unayemnunia, unayemsema, na hujakubali Mungu akukague wewe kwanza? Mke wako? Msaidizi wa nyumbani? Mwanao?

Tuombe: Baba, nikague mimi kabla sijamhukumu mwenzangu. Nionyeshe mahali moto wangu unapovujia. Nipe ujasiri wa kwenda kuomba msamaha leo, si wiki ijayo. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mtu unayepaswa kumpigia simu, usiandike amina hapa kwanza. Mpigie, kisha urudi uandike.

Nakupenda. Tukutane Jumapili.