Utando Usioonekana Juu ya Maji

Leo tuweke hifadhidata kando, tuzungumzie maji.

Rafiki yangu mtafiti alirekodi video kwa hadubini: chembe ndogo sana zikivutwa na sumaku, chini kidogo ya uso wa maji. Zilikwenda polepole kuliko programu niliyomwandikia, na sharti alilonipa lilikuwa kwamba maji ni safi. Alitaka kufuta video zote, kazi ya miezi mitatu. Nikamwomba asubiri.

Mambo ni haya. Kwa chembe ndogo hivyo, maji ni kama asali: ukiacha kuivuta, inasimama papo hapo. George Stokes alitoa kanuni ya ukinzani huo mwaka 1851, lakini ni ya chembe iliyo mbali na kingo zote. Karibu na uso ulio safi, uso huwa kama kioo, kana kwamba kuna chembe pacha upande wa pili, nazo husaidiana. Kitovu cha chembe kikiwa chini ya uso kwa umbali sawa na kipenyo chake, kasi huongezeka kwa karibu asilimia 20. Kando ya ukuta mgumu, umbali huohuo, hupungua kwa karibu asilimia 28.

Sasa tia sabuni kidogo, au mafuta ya kidole. Chembe ikisonga, maji yanasukuma utando huo mbele. Ukishajikusanya kule, mvutano wa uso unapungua mbele, na uso unavutwa kurudi nyuma. Chembe haijaugusa utando, lakini imepigwa breki. Kasi yake huangukia kati ya hizo mbili.

Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye hakusoma chuo kikuu, alichunguza uchafu wa aina hii jikoni kwao. Aliufagia uso wa maji kwa kipande cha bati huku akipima mvutano. Barua yake ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1891.

Katika programu, utando ni sharti moja tu la mpakani. Tulipoliongeza, namba zikasogea karibu na video. Kumbe video zilikuwa sawa. Zilipima uchafu ambao hakuna aliyeuona.

Hazikufutwa. Sasa anajiandaa kurudia jaribio, safari hii akifagia uso kwanza, kama Agnes. Nawe, kabla hujafuta data inayobishana na programu yako, kagua programu imedhania nini.