Ubini wa Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha karibu na Mombasa. Siku moja, nikiita majina darasani, nilikuta mvulana mmoja ubini wake ni wa Kiingereza kitupu. Nikamwuliza kwa dhihaka, "Jina hili umeliazima kwa nani?" Wenzake wakacheka. Yeye aliinama tu.

Jumamosi babu yake aliniita kwake, Frere Town, wala hakunikaripia. Alinipa chai, kisha akanisimulia habari za Chengwimbe, mtoto wa Kiyao aliyetekwa akauzwa utumwani. Manowari ya Kiingereza ilikikamata chombo kilichomchukua, naye akapelekwa Nasik, Bara Hindi. Huko wamisionari walimwita Matthew Wellington. Huyo alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone, aliyefariki mwaka 1873, kutoka bara mpaka pwani. Mwenyewe alifariki Mombasa mwaka 1935. Frere Town nayo, iliyoanzishwa mwaka 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa, ilipewa jina la Mwingereza, Sir Bartle Frere.

"Babu yangu alipita njia ile ile," mzee akasema. "Lakini Chengwimbe alilikumbuka jina lake la kwanza. Babu yangu alitekwa angali mdogo mno. Mwalimu, hili la Kiingereza ndilo tulilo nalo."

Jumatatu niliita tena majina. Lake nililitamka polepole, nikangoja aitikie.