Viatu Mlangoni kwa Baniani

Ndugu msomaji, methali hii bila shaka umeimeza tangu shule ya msingi: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani ndilo jina la zamani la Wahindu wafanyabiashara wa pwani yetu. Mwalimu anakueleza kwamba mtu unaweza kumchukia huku ukikihitaji alicho nacho. Unaandika kwenye daftari, unapata vema yako, mchezo umekwisha. Hakuna anayeuliza huyo Baniani alifanya nini hata akaitwa mbaya. Wala hakuna anayeuliza, akishavua hicho kiatu, anaingia wapi.

Mimi swali hilo limenikaba kwa sababu mbili. Ya kwanza ni riwaya. Tangu nimalize kidato cha nne ninaandika hadithi ndefu ya mji wetu wa Musoma, na Musoma ya zamani huwezi kuiandika bila duka la Mhindi lenye baraza pana. Basi nimemweka. Anapima vitambaa, anahesabu hela, anafoka. Lakini kila nikitaka kumtoa nyuma ya kaunta, kalamu inagoma. Jioni akifunga duka, anakwenda wapi?

Sababu ya pili ni baba. Baba ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na saba cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya mzee mmoja wa Kigujarati pale mjini. Watu walitoka Bunda na Butiama, wakanunua kitambaa ndani na kushonewa sare za watoto nje. Mmoja bila mwenzake asingekula. Walitaniana, walikopeshana, waligombana, wakasuluhishwa na chai. Mzee yule alipougua alihamia Dar es Salaam kutibiwa, na huko akafariki. Mwili ukachomwa kama ilivyo desturi yao. Watoto wake walikuwa Leicester, Uingereza, siku nyingi. Baba akabaki na msiba usio na mahali pa kuupeleka: hakuna matanga, hakuna kaburi. Nilipopata safari ya Dar alinipa bahasha yenye shilingi elfu ishirini.

"Ipeleke wanakosali," akasema. "Mimi sijui ni wapi."

Niliyeelekezwa kwake ni mzee mstaafu, Mhindu mzaliwa wa Dar, aliyefahamiana na marehemu. Tulikutana asubuhi Mtaa wa Kisutu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamwaga Kiswahili cha Kariakoo kilichoniacha mimi mtu wa bara nikitafuta maneno.

"Leo utatembea mpaka uchoke, kijana wangu."

Jamani, Kisutu ni mtaa wa aina yake. Mahekalu ya Kihindu yapo kadhaa katika mtaa mmoja, katikati ya mji ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860. Na kila mlangoni kuna viatu: kandambili, viatu vya ofisini, raba za watoto. Tukavua vyetu.

Ndani, mzee akanyoosha mkono akaigonga kengele iliyoning'inia. Akanionyesha Ganesh mwenye kichwa cha tembo, anayeombwa kabla ya kuanza jambo lolote, maana ndiye mwondoa vizuizi. Nikamkumbuka yule Mhindi wangu aliyekwama nyuma ya kaunta, nikainama kidogo. Akanionyesha Hanuman mwenye sura ya nyani, mtumishi mwaminifu wa Rama. Katika hekalu la Swaminarayan, mtakatifu aliyefariki huko Gujarat mwaka 1830, wanaume hukaa kwao na wanawake kwao. Ukafika wakati wa arati. Taa za samli zikazungushwa mbele ya sanamu, watu wakapitisha viganja juu ya moto na kujigusa usoni. Halafu nikapewa kipande cha kitu kitamu mkononi.

"Prasadi hiyo," mzee akaninong'oneza. "Kimeshatolewa kwa Mungu. Hakikataliwi."

Nikamweleza habari ya bahasha. Hakuipokea. Alinielekeza kwenye sanduku la sadaka.

"Tia mwenyewe, mkono wa kulia. Na jina lake ulitaje."

Nikalitaja jina la mzee wa Musoma, kwa sauti. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili, asiyenijua wala kumjua marehemu, akageuka akaunganisha viganja.

Tulipokuwa tukivaa viatu, mzee akaniuliza: "Wewe si wa Mara? Kwa Mwalimu?"

Nikaitikia. Akasema bila kupandisha sauti kwamba mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na nyumba ya baba yake ikaenda. Ndugu zake wengi wakaondoka nchini. Akafunga kamba za kiatu.

"Na mwaka 1995 India ilipotoa Tuzo ya Amani ya Gandhi kwa mara ya kwanza kabisa, nani alipewa? Nyerere huyohuyo. Nilipiga makofi."

"Sasa mzee, moyoni umemweka wapi?"

"Pale pale nilipomweka baba yangu. Naye tuligombana sana."

Kaburi la Mwalimu lipo Butiama, mwendo mfupi kutoka kwetu, na nimesimama mbele yake zaidi ya mara moja. Habari za majengo yale kwetu husimuliwa kutoka upande wa mpangaji. Siku ile niliisikia kutoka upande wa mwenye nyumba, tena kwa mtu asiyetaka nimwonee huruma. Vijana wenzangu mnaoandika, mtu kama huyo utamwita mbaya au mwema? Neno laki tumelichukua kwao, na gari, na bima, na chapati. Habari zao hatukuzichukua.

Mchana tukatembea hadi upande wa Upanga, kwenye hekalu la Wabuddha. Lilianzishwa mapema katika karne ya 20 na Wasinghala waliotoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Hapo hapana kengele wala moshi. Kuna mti wa bodhi, jamii ya ule ambao Siddhartha Gautama alikaa chini yake huko India mpaka akapata nuru. Mtawa mmoja mwenye shuka la rangi ya zafarani alitusalimia akapita zake. Kijana wa Kitanzania alikuwa akifagia majani. Tulikaa kivulini bila kusema neno, nami nikafikiri kwamba baba angepapenda hapa. Angeweza kukaa na msiba wake na asiulizwe kitu.

Jioni nikampigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia moto, tembo, kila kitu. Yeye akauliza moja tu.

"Walikuruhusu uingie?"

"Mlango ulikuwa wazi, baba. Viatu tu ndivyo vinaachwa nje."

Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Miaka kumi na saba," akasema. "Hakuniambia, wala sikumwuliza."

Nimerudi Musoma na sura ya tisa inasonga. Mzee anafunga duka, anamuaga fundi wake barazani, anashika njia. Safari hii fundi anamwuliza anakwenda wapi.