Pikapu Kuukuu Yajifunza Kula Kidogo

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ina upande wa pili, ambao aghalabu husahauliwa: haba na haba vilevile hukiacha kibaba kitupu. Nyumba nyingi hazifilisiki kwa hasara moja kubwa. Hufilisika kwa tundu dogo ambalo hakuna aliyelitazama, na katika nyumba yenye gari kuukuu, tundu hilo mara nyingi huwa kwenye mafuta.

Jambo hili si geni. Dunia ilipopatwa na msukosuko wa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973, Marekani, pamoja na utajiri wake wote, iliweka kikomo cha mwendo wa kilomita 88 kwa saa katika barabara zake kuu, kwa sheria iliyotiwa saini Januari 1974. Tanzania nayo katika miaka hiyo ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri, na wazee wengi wanakumbuka barabara za mijini zilivyokuwa kimya siku hiyo. Yafaa ieleweke kwamba hatua zote mbili hazikuhitaji injini mpya. Ziligusa mguu wa dereva na desturi zake. Somo hilo lingali na nguvu leo, na familia moja ya Dzaleka, nchini Malawi, imelisoma kwa njia ya taabu.

Dzaleka imo katika Wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa na gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi, yaliyokusudiwa kuwapokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Bwana na bibi wanaohusika na habari hizi walitoka upande wa Uvira, ambako bwana alikuwa dereva wa malori. Walikuwa na duka dogo mjini Lilongwe hadi mwaka 2023, Serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya makazi warudi Dzaleka. Duka likafungwa. Kilichobaki mkononi kilikuwa pikapu moja aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1989, ya petroli na ya kabureta, pamoja na bidhaa chache za kuanzia genge jipya huko makazini.

Tangu hapo maisha ya nyumba hiyo yalitegemea safari. Mara tatu kwa wiki, akipata ruhusa ya kutoka, bwana huyo alishika barabara kuu ya M1 kupitia Lumbadzi, akafika Lilongwe kwenye soko la Tsoka na masoko ya jirani, akapakia mitumba, sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia, akarudi. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini, ni kilomita 100. Katika Kichewa neno tsoka lina maana ya mkosi, na kwa muda mrefu bwana huyo aliamini kwamba mkosi huo ulikuwa umempata yeye.

Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, kutoka 1,180 kwa dola moja hadi 1,700. Siku hizo hizo bei ya petroli ilipanda kutoka kwacha 1,746 kwa lita hadi 2,530. Malawi haina pwani. Mafuta yake hupitia bandari za mbali kama Dar es Salaam, Beira na Nacala, na kila lita hununuliwa kwa fedha za kigeni. Faida ya genge ikaanza kuyeyuka. Bwana akasema pikapu iuzwe. Bibi akauliza, kwa adabu lakini kwa mkazo, “Baba watoto, kabla hatujaiuza, unajua inakula kiasi gani?” Bwana alijibu kwamba inakula sana. Bibi akasema “sana” si hesabu.

Kipimo kwanza

Kila askari aliyewahi kukabidhiwa gari la kikosi anakijua kitabu cha safari, ambamo huandikwa kilomita za kuondoka, za kurudi na lita zilizotiwa. Nyumbani desturi hiyo hupotea. Bibi huyo alichukua daftari la shule lililobaki kurasa na kulipiga mistari. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: tangi lijazwe mpaka shingoni, safari ifanywe, kisha lijazwe tena katika kituo kile kile, na lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Walipima safari tatu ili bahati ya siku moja isiwadanganye. Jibu lilikuwa lita 16 kwa kilomita 100. Kwa bei ya wakati huo hizo ni kwacha 40,480 kila safari, na ndipo walipofahamu ni kwa nini genge lilikuwa likila mtaji wake.

Kipimo hicho kilikuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kuwalinda na maneno ya watu. Huko Tsoka, mchuuzi mmoja alimwonyesha bwana sumaku mbili za kufungwa kwenye mpira wa petroli. “Bambo,” alisema, “ukizifunga hizi mafuta yatapungua nusu.” Bei yake ilikuwa kwacha 60,000. Bibi, aliyekuwapo siku hiyo, hakubishana. Alimwambia mchuuzi azifunge bila malipo, waende safari tatu, na daftari likikubali watalipa zaidi ya bei aliyotaja. Mchuuzi alizirudisha sumaku zake mfukoni. Bibi hakukosea. Idara ya mazingira ya Marekani imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo, na haikupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi kikubwa.

Kurudisha yaliyoondolewa

Fundi mzee waliyempata hakuanza kwa kuongeza kitu. Alianza kwa kuuliza ni nini kilichotolewa. Alipofungua mahali bomba la juu la rejeta linapoingia kwenye injini, alikuta hamna themostati. Mafundi wengi wa nchi zetu huitoa gari linapochemka, wakidhani wameponya ugonjwa. Themostati ni kizuizi kidogo kinachoyafungia maji mpaka injini ipate joto lake. Bila hicho, maji hupoa mno, injini hutembea baridi, na injini baridi haiunguzi petroli vizuri. Dawa ya gari linalochemka ni kuzibua rejeta, kuangalia mkanda na pampu ya maji, kisha themostati irudishwe mahali pake.

Ikaonekana tena kwamba choki ya kabureta ilikuwa haifunguki yote, kwa hiyo injini ilikuwa ikinywa petroli nzito mchana kutwa kana kwamba ni alfajiri ya baridi. Filta ya hewa ilijaa vumbi jekundu la Dowa. Katika magari mapya yenye kompyuta, filta chafu hupunguza nguvu bila kuongeza sana ulaji. Katika gari la kabureta huongeza ulaji, kwa sababu hewa ikipungua petroli huzidi. Plagi zilibadilishwa na taimingi ikawekwa sawa. Mipira ya petroli iliyopasuka nayo ilibadilishwa. Malawi huchanganya petroli na spiriti ya miwa, ambayo kiwanda cha Dwangwa kimeitoa tangu mwaka 1982, na spiriti hiyo hudhuru mipira ya zamani. Daftari likasema: lita 14.6.

Hatua ya pili ilikuwa chini ya gari. Fundi aliinua kila gurudumu kwa jeki akalizungusha kwa mkono. La nyuma kushoto halikuzunguka, maana breki yake ilikuwa imeshika. Gari lilikuwa likivutwa na injini na kuzuiwa na breki kwa wakati mmoja. Tairi zilikuwa na upepo mdogo, kwa imani kwamba tairi laini hupunguza mitikisiko. Tairi laini hukanyaga ardhi kwa upana, hupata moto, huisha upesi na huongeza mzigo wa injini. Breki ikasafishwa, upepo ukajazwa kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Lita 13.9.

Hatua ya tatu ilikuwa kuvua mapambo. Juu ya paa palikuwa na keria ya chuma isiyobeba kitu, mbele bomba nene za kukinga taa, na nyuma ya kiti vyuma chakavu vya miaka mingi. Vyote pamoja vilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi. Kwa makadirio ya wataalamu, kila kilo 45 huongeza ulaji kwa asilimia moja au zaidi kidogo, na keria huongeza tena kwa kukinga upepo. Lita 13.4.

Hapo vijana wa gereji walishauri mlango wa nyuma wa bodi uondolewe ili upepo upite. Ushauri huo umeenea duniani kote, nao unapendeza akili. Walijaribu safari tatu, na daftari halikuonyesha nafuu yoyote. Uchunguzi uliofanywa mahali penye upepo wa mashine umeeleza sababu yake: mlango ukiwa umefungwa na bodi ikiwa tupu, hewa huzunguka ndani ya bodi kama mto laini, na upepo wa juu huteleza juu yake. Mlango ukatolewa, mto huo huvunjika. Wakaurudisha. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi linaweza kusaidia kidogo, na zaidi ya hayo hukinga bidhaa na mvua.

Mguu wa dereva

Ilibaki hatua ya nne, iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa kuwa haikumhusu fundi. Bwana huyo alizoea kuendesha kwa kilomita 100 kwa saa kwenye M1. Fundi alimweleza, “Mzee, mwendo ukiuzidisha mara mbili, upepo unaokupinga unakuwa mara nne.” Bwana alinyamaza. Kwa dereva aliyezeeka barabarani, kuambiwa apunguze mwendo ni kama kuambiwa hajui kazi. Safari iliyofuata bibi alipanda naye, daftari mapajani. Walikwenda kwa kilomita 75, gia ya juu, bila kukanyaga ghafula, wakiitazama barabara mbali ili breki zitumike kidogo. Walipongoja mzigo Tsoka, injini ilizimwa. Walichelewa kufika kwa dakika zisizozidi 15. Tangi likajazwa: lita 12.

Bwana alilitazama daftari kwa muda, kisha akasema, “Hii ndiyo hatua pekee ambayo hatukuilipia.”

Lita 4 zilizookolewa zilikuwa kwacha 10,120 kila safari. Kwa safari tatu za wiki ni kwacha 30,360, na gharama za fundi na vipuri zilirudi kabla ya muda mrefu. Lakini thamani halisi ilionekana mwishoni mwa mwaka 2024, vituo vya Malawi vilipokauka na foleni za magari zikalala barabarani. Siku moja baada ya kungoja usiku kucha walipata lita 24 tu. Kwa ulaji wa zamani, hizo zilitosha safari moja na nusu, na nusu safari haifiki nyumbani. Kwa ulaji mpya zilitosha safari mbili kamili. Genge halikufungwa, na neno la kuiuza pikapu halikutajwa tena.

Uhaba huleta na vishawishi, na hapa kinamama hawana budi kuwa macho. Petroli isiwekwe katika madumu chumbani wala jikoni, kwani mvuke wake hutambaa sakafuni hadi ulipo moto. Isichanganywe na mafuta ya taa ili iongezeke, kwa sababu injini itagonga na kuharibika. Wala dereva asizime injini kwenye mteremko kwa tamaa ya tone: breki hupoteza msaada wake, na usukani unaweza kujifunga.

Mwaka 2025 bei ya petroli ilipandishwa tena nchini Malawi, na hakuna nyumba iliyoulizwa maoni yake. Bei ya mafuta hupangwa mbali na nyumba za wananchi. Lakini upepo wa tairi, uzito uliomo garini, mwendo wa safari na mistari ya daftari ni mambo yaliyo mikononi mwa mwenye gari. Asiyeweza kuamuru bei, yafaa angalau aamuru mguu wake.