Nyumba ya Mawe na Kinu cha Maji cha Sleepy Hollow

Mtu akitoka katika jiji la New York, huko Marekani, akisafiri kwa gari la moshi kuelekea kaskazini kando ya mto Hudson, baada ya mwendo wa maili 25 hivi atafika katika mji mdogo uitwao Sleepy Hollow. Zamani mji huo uliitwa North Tarrytown. Jina la sasa ulipewa mwaka 1996, kwa ajili ya hadithi mashuhuri ya Washington Irving iliyopigwa chapa mwaka 1820. Wageni wengi huvutwa na hadithi hiyo, ambayo ni habari ya mzimu asiye na kichwa apandaye farasi usiku. Lakini si mbali na stesheni, pale mto mdogo wa Pocantico unapokaribia kuingia katika Hudson, iko nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa, na karibu nayo kinu cha kusaga unga kwa nguvu za maji. Mahali hapo huitwa Philipsburg Manor. Habari zake hazina mzimu, wala hazikutungwa, nazo zawahusu sana watu waliotoka Afrika.

Mgeni huvuka bwawa kwa daraja la mbao, na mbele yake huona kinu, nyumba na ghala la nafaka. Aliyezoea picha za majumba ya mabwana wa Uingereza atashangaa kuona nyumba yenyewe ni ya kiasi tu. Sababu ni kwamba mwenyewe hakuishi hapo siku zote. Makao yake yalikuwa mjini New York, kwenye bandari na meli zake, na nyumba hii ilimfaa kama ofisi ya kusimamia shamba na biashara ya unga.

Mwenye mali wa kwanza alikuwa Frederick Philipse, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1626. Alikuja Amerika akiwa seremala wa kampuni ya Waholanzi. Mwaka 1662 alimwoa Margaret Hardenbroek, mjane aliyekuwa mfanyabiashara hodari mwenye meli, na tangu hapo utajiri wake ukaongezeka upesi. Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1664 alikula kiapo cha kuwatii, akaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1693 alipewa hati ya kifalme iliyomfanya kuwa bwana wa nchi yote hiyo, zaidi ya ekari 50,000. Wakulima wa Kizungu walikodi mashamba kwake, na nafaka yao ilisagwa katika vinu vyake.

Mali hiyo ilitoka katika biashara nyingi, na mojawapo ilikuwa biashara ya watu. Meli za Philipse zilikwenda kuchukua watumwa katika pwani ya Afrika ya magharibi, upande wa Kongo na Angola. Tena, katika miaka ya 1690, zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikaingia katika Bahari ya Hindi mpaka Madagaska. Katika kisiwa kidogo cha Sainte-Marie, upande wa mashariki wa Madagaska, alikuwako wakala aitwaye Adam Baldridge, aliyefanya biashara na maharamia. Philipse alimpelekea pombe, baruti na nguo, na meli zikarudi New York na watumwa. Basi msomaji wa Mombasa au Lamu asidhani ya kuwa habari hii ni ya bahari nyingine tu. Madagaska ni nchi ambayo majahazi ya Waswahili yaliijua tangu zamani, na watu wake walipelekwa mbali hivyo ili tajiri mmoja apate faida.

Lakini kilicho bora kutazamwa hapo ni kinu. Katika Kenya vinu vya maji vilipata kujengwa kwenye mito ya nchi ya Wakikuyu, hasa katika miaka ya 1920 na 1930, kabla injini hazijaenea kila soko; kwa hiyo namna yake si ngeni kabisa. Mto huzuiwa kwa boma, maji yakajaa bwawani. Lango dogo likifunguliwa, maji hushuka kwa nguvu na kulizungusha gurudumu kubwa la mbao. Gurudumu hilo huzungusha magurudumu mengine ndani ya nyumba, yenye meno ya mbao, nayo hulizungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halisogei. Ngano hudondoka kidogo kidogo kutoka katika sanduku, hupita katika tundu la jiwe la juu, na kutokea pembeni ikiwa unga.

Hapo ndipo kazi ya fundi huonekana. Mawe yakikaribiana mno, unga hupata moto na kuharibika; yakiachana mno, hutoka chenga. Yakizunguka bila nafaka, mawe husuguana na kutoa cheche, na katika nyumba ya mbao iliyojaa vumbi la unga cheche moja yatosha kuteketeza kila kitu. Kwa hiyo msagaji hutega sikio wakati wote, na kila mara huchukua unga kidogo na kuusugua kwa kidole gumba apate kujua hali yake. Tena mifereji iliyochongwa katika uso wa mawe huisha makali, naye lazima alinyanyue jiwe zito na kuichonga upya. Ufundi huu haupatikani kwa mwezi mmoja wala miwili.

Msagaji wa Philipsburg katika miaka ya kabla ya 1750 alikuwa Mwafrika aliyeitwa Caesar. Alikuwa mtumwa. Wakati huo mwenye mali alikuwa Adolph, mwana wa Frederick, mtu asiyeoa aliyekaa zaidi mjini. Unga wa Caesar ulitiwa katika mapipa, ukapakiwa katika mashua, ukashuka mto Hudson mpaka New York. Mwingine ulipelekwa mpaka visiwa vya Karibi, kuwalisha watumwa wengine waliolima miwa. Wenzake walilima, waliendesha mashua, walikamua ng'ombe na kutengeneza siagi ya kuuzwa. Bwana alikuwa mbali, na shughuli yote ilitegemea akili na mikono ya watu ambao sheria haikuwapa mshahara wala hiari. Sheria za jimbo la New York za miaka hiyo ziliwakataza hata kukusanyika zaidi ya watatu, isipokuwa kwa kazi ya bwana.

Adolph Philipse alipokufa mwaka 1750, orodha ya mali yake iliandikwa, kama iandikwavyo orodha ya mali ya marehemu yeyote. Kila karani aijua kazi hiyo: viti vingapi, meza ngapi, ng'ombe wangapi. Katika orodha hiyo wamo watu 23. Wamegawanywa wanaume, wanawake na watoto, na wale wasioweza tena kufanya kazi wametengwa. Yako majina ya Caesar, Diamond, Sampson, Venture, Massy, Dina, Sue na wengine. Aliyeiandika hakukusudia kuwapa heshima yoyote. Alitaka hesabu yake iwe sawa. Hata hivyo, karatasi hiyo ndiyo iliyohifadhi majina yao.

Nyumba na kinu vilinunuliwa kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller wa pili, vikafunguliwa kwa wageni mwaka 1943. Baada ya wataalamu kuchimba na kuchunguza misingi ya kale, vilijengwa upya kwa mfano wa mwaka 1750 na kufunguliwa tena mwaka 1969. Kwa muda mrefu wageni walisimuliwa zaidi habari za mabwana. Tangu miaka ya 1990 walinzi wa mahali hapo waliigeuza orodha ya Adolph kuwa msingi wa maelezo yao, na mgeni aingiapo kinuni husikia kwanza jina la Caesar. Mabadiliko hayo yalichelewa mno, lakini yastahili kusifiwa.

Katika mwaka huo wa 1750 tangazo la mnada lilitolewa katika gazeti la New York. Pamoja na vyombo vya nyumbani, zana, farasi na ng'ombe, walitajwa msagaji mmoja, mwendesha mashua, wakulima, wanawake, na watoto wa kiume na wa kike. Watu waliokaa pamoja miaka mingi walitawanyika kwa wanunuzi. Ukoo wa Philipse nao haukudumu; mjukuu mmoja wa ukoo huo alishika upande wa mfalme wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, na mwaka 1779 nchi yake yote ikatwaliwa na serikali ya jimbo, kisha ikauzwa vipande vipande. Utumwa wenyewe haukukomeshwa wakati huo. Jimbo la New York liliufuta tarehe 4 Julai 1827. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ya mnada ule, kama alikuwa hai bado, alikuwa na umri wa miaka 82.