Nguvu Haiui Giaboksi

Nilishika spana kwa mara ya kwanza Kibondo mwaka 1994. Oktoba ya mwaka uliotangulia Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Bujumbura, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu kuja kwetu. Nyuma ya watu yakaja magari. Mji uliozoea malori ya mazao na Land Rover za misheni ukajaa Land Cruiser nyeupe za mashirika, na kila moja ilihitaji mtu wa kulala chini yake. Mimi nilikuwa kijana wa Kiha mwenye cheti cha darasa la saba na mikono isiyoogopa grisi. Hiyo ilitosha.

Mzee aliyenipokea alikuwa ametokea karakana ya reli Tabora, na hakupenda maneno. Gari likirudi kutoka kambini, alininyooshea kidole chini ya sakafu yake. "Weka kiganja karibu na giaboksi." Nikiweka, ananiuliza: "Jana ilikuwa na joto hili?" Imani yake ilikuwa moja tu: chuma hakifi ghafla, hutangulia kutoa joto. Vijana wenzangu walijifunza gari kwa kusikiliza mlio. Mimi nilianzia kwenye joto, na hadi leo ndiko ninakoanzia.

Enzi hizo giaboksi zote tulizozijua zilikuwa za manyuo. Gari la kazi lilikuwa Land Cruiser ya mkonga, na injini yake 1HZ: lita 4.2, silinda 6, dizeli, bila tabo wala kompyuta. Gari la oto tulilisikia tu kama kitu cha wakubwa wa Dar es Salaam. Kijiweni hukumu ilikuwa imeshatolewa: oto haifai kwenye rafu rodi, haipandi mlima, na ukiizidishia kazi kidogo inakufa. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefungua hata moja.

Nilihamia Kasulu baada ya kambi ya Nyarugusu kufunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Miaka iliyofuata, wafanyabiashara wa hapa nao wakaanza kununua magari yaliyotumika kutoka Japani. Mashangingi ya oto yakapanda milima yetu, kwanza Land Cruiser 80, kisha zile 70 ZX. Mengi yalikuwa na giaboksi ya gia 4 iitwayo A442F. Mafundi wengi waliikwepa. Mimi nilipata kitabu cha kiwanda kilichotolewa fotokopi hadi michoro imefifia, nikaanza kuifungua taratibu, kila kipande nikikipanga juu ya turubai kwa mfuatano wake.

Nilichokikuta ndani kilinishangaza kwa jinsi kilivyo rahisi kueleweka. Kati ya injini na gia kuna toki konveta, feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta: ya injini inayasukuma, ya giaboksi inazungushwa nayo. Gari linapoondoka, konveta huzidisha nguvu ya msokoto, hata ikakaribia mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Nyuma yake kuna mafungu ya pleti za klachi, zenye ngozi laini ya karatasi maalumu, na kila fungu linabanwa na pistoni inayosukumwa na haidroliki, yale mafuta ya giaboksi. Gia kuingia ni fungu moja kubanwa na jingine kuachiwa. Pleti zikibanwa sawasawa, haziliki kirahisi. Zikiteleza, ile karatasi inaungua, haidroliki inakuwa nyeusi, na ukichomoa kijiti cha kupimia unakutana na harufu ya kitu kilichoungua.

Basi nikajua kwamba maneno ya kijiweni yalikuwa yameanzia pabaya. Baadaye nilisoma kwamba Wamarekani, katika Vita ya Pili ya Dunia, walifunga giaboksi ya oto ya Hydra-Matic, iliyobuniwa kwa magari ya familia, ndani ya vifaru vya M5. Kila kifaru kilikuwa na injini mbili za Cadillac, kila injini na giaboksi yake. Kama oto ilibeba kifaru, magunia ya maharage hayawezi kuwa sababu ya kuikataa.

Swali la kuongeza nguvu kwenye gari la oto lilinijia kupitia mfanyabiashara wa mahindi na maharage, mwenye ZX ya oto yenye 1HZ. Alichoka kupitwa na malori mlimani.

"Fundi, nataka tabo. Pampu na injini najua utaviweza. Ila giaboksi ni ileile ya kiwandani. Itahimili?"

"Mzee, nipe hadi kesho," nikamwambia, kwa sababu lilikuwa swali la hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiwandani, 1HZ hutoa msokoto wa nyutoni-mita 285. Lakini namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1200. Kwa hiyo gari la yule mfanyabiashara, likiwa sokoni Kasulu, lilikuwa na kama nyutoni-mita 250. Ukilifunga tabo ya kiasi, yenye mgandamizo wa nusu ya ule wa hewa ya kawaida, na ukaongeza dizeli kwa adabu, utafika kwenye 330 na kitu.

Sasa, giaboksi hiyohiyo ya A442F kiwanda chenyewe kiliifunga nyuma ya injini za tabo: 1HD-T yenye nyutoni-mita zaidi ya 350, na baadaye 1HD-FT yenye 380. Mzee alikuwa anaomba kitu ambacho wahandisi wa Toyota walishakiruhusu. Sehemu ya kwanza ya nguvu aliyoitaka haikuwa hata ya ziada. Ilikuwa ni kurudishiwa kile ambacho mwinuko wetu ulikuwa umemnyang'anya.

Nilimpa jibu la ndiyo, lakini nikaliwekea masharti mawili.

La kwanza ni kebo. Katika giaboksi hizi kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye vali za giaboksi. Ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, nayo ikaongeza au kupunguza mgandamizo wa kubana pleti. Lakini kebo inajua mguu tu, haijui tabo. Ukikanyaga nusu, injini yenye tabo inatoa msokoto mkubwa kuliko ile nusu ya zamani, huku pleti zikibanwa kwa nguvu ya zamani. Hapo ndipo zinapoteleza, na mwenye gari hasikii kitu kwa miezi. Kwa hiyo kebo inakazwa kidogo, halafu mgandamizo unapimwa kwa geji. Kukisia hakuruhusiwi.

La pili ni joto. Haidroliki ya A442F hupozwa na bomba lililopita ndani ya rejeta, tangi la chini. Maana yake haiwezi kupoa kuliko maji ya injini yenyewe. Mlimani, gari likiwa na mzigo na mwendo mdogo, konveta inateleza muda wote, na kila nguvu inayopotea humo inageuka joto. Mafundi wa giaboksi wana kanuni kwamba kila nyuzi 10 hivi zinazozidi kiwango hukata nusu ya umri wa haidroliki. Nikamwambia mzee tutafunga kipoza cha pembeni, mbele ya rejeta, haidroliki ipite kwanza kwenye rejeta kisha humo. Na mlimani ashushe kijiti cha gia hadi 2, asiiachie giaboksi ikihangaika kupanda na kushuka gia.

Gari lile lilifanya kazi miaka mingi. Kilichohitaji uangalizi wa karibu kilikuwa injini, kwa sababu 1HZ huchomea dizeli kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na ukiijazia tabo kwa tamaa hedi inapasuka mapema sana kuliko giaboksi kulalamika. Wenye haraka walikwenda kwa wengine kuongezewa mgandamizo. Waliporudi kwangu walikuja na hedi mkononi, na giaboksi zao bado zinabadili gia.

Somo kubwa zaidi lilitoka kwenye magari ambayo hayakuongezewa nguvu hata chembe. Noah na Probox zilipoingia kwenye biashara ya abiria, ile tunayoiita michomoko, nilianza kupokea giaboksi zilizokufa kwa wingi. Injini ni za kiwandani, hakuna tabo, hakuna aliyegusa pampu. Lakini gari la watu 5 hadi 8 limebeba ukoo mzima na mikungu ya ndizi juu, limepanda kutoka Kigoma kuja Kasulu, limekwenda Kibondo kwenye vumbi jekundu lililoziba mapezi ya rejeta. Rejeta yenyewe imechomelewa mara kadhaa na inajazwa maji ya kisimani badala ya kulanti. Maji hayo hula kuta za bomba la haidroliki kwa ndani. Siku bomba likitoboka, maji na haidroliki vinachanganyika, unachomoa kijiti unaona maziwa ya rangi ya waridi. Karatasi ya pleti ikishakunywa maji, inabanduka. Dereva anasema gia ya 3 imekataa. Gia haina kosa.

Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi waliporudi tena kwa wingi na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, safari ziliongezeka na kazi ikafurika. Ndipo nilipoanza kuwaambia vijana wangu wa gereji wasiniletee neno "nguvu" kabla hawajaniambia rangi ya haidroliki, harufu yake, na hali ya rejeta.

Siku hizi lami imetandazwa barabarani kwetu na magari yamebadilika. Wateja wanauliza kuhusu kubadilisha programu ya kompyuta ili injini iongeze msokoto. Jibu langu si moja. Land Cruiser 200 ya dizeli tayari inatoa nyutoni-mita 650 kiwandani kupitia oto ya gia 6, na kompyuta ya injini huzungumza na ya giaboksi, ikipunguza msokoto kwa nukta moja gia inapobadilika. Anayegusa upande mmoja bila mwingine anauvuruga mkataba huo. Kwa Noah mpya zenye CVT, zinazotumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili, nasema hapana moja kwa moja. Mkanda ukiteleza unachuna puli, na puli iliyochunika haina ovahoo chini ya mwembe.

Na kwa wale ambao bado wanasema oto ni dhaifu, nawaonyesha Hilux ya lita 2.8 ya mwaka 2020. Injini ni moja, ila yenye manyuo imewekewa kikomo cha nyutoni-mita 420, na yenye oto imeachiwa 500. Kiwanda kimeiamini oto kuliko mguu wa dereva juu ya klachi.

Kwa hiyo utaratibu wa gereji yangu unajulikana Kasulu na Kibondo. Anayetaka tabo kwenye gari la oto, kwanza anapewa bei ya kusafisha au kubadilisha rejeta, haidroliki mpya na chujio lake, kipoza cha pembeni, na kupima mgandamizo. Tabo inakuja mwisho. Wapo wanaonuna na kuondoka. Wengi wa wanaobaki, tukishamaliza hayo ya kwanza na kubadilisha chujio la hewa lililojaa vumbi, hulipeleka gari mlimani kulijaribu, wakarudi kuniuliza nimeongeza nini kwenye injini. Nawajibu sijaigusa: nguvu waliyotaka kununua walikuwa nayo, ilikuwa inaishia kuchemsha haidroliki. Wanalipa, na bei ya tabo hawaiulizi tena.